Hodi Tatu Kwa Mparange

Masika yale nyumbani kwangu watu walikuwa wakiingia kama wezi. Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi, pazia limekunjwa, na aliyekuja kusukwa alivua viatu, akapita, akakaa kwenye mkeka bila kufungua mdomo. Akishakaa ndipo tunasalimiana. Mimi Semeni binti Kibwana, msusi, mwanamke niliyefundwa nikafundika, nimefika umri huu mtu anaingia kwangu bila hodi namtazama tu. Nilikuwa naona aibu.

Siku moja akapita mama mmoja muuza dagaa, mgeni wa bonde letu, hajui habari zetu. Akasimama nje na beseni lake kichwani.

"Hodi wenyewe."

Nilikuwa na kichwa cha jirani mapajani na kitana mdomoni. Mdomo ukafunguka wenyewe, kitana kikaanguka. Mdogo wangu Shomvi, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa pembeni anakunywa kahawa. Aliruka akanibana mdomo kwa kiganja, na kahawa yote ikanimwagikia kangani.

"Hodi hapa," mama wa dagaa akarudia.

Tukanyamaza wote. Yule mama akachungulia, akaona mwanamume mzima amemziba mwanamke mdomo na wengine wanatazama, akaanza kurudi nyuma.

"Usikimbie, hatumuui," Shomvi akamwambia. "Ni dada yangu. Shusha beseni, tutanunua."

"Sasa hata kuitikiwa?"

Nikamwonyesha juu ya mlango. Pale palikuwa na kifaa mviringo, kikubwa kidogo kuliko kisosi, na taa yake katikati imezimwa. Jiji lilikiita Kituo cha Mapokezi ya Mvua. Sisi tulikiita Mgeni.

"Huyo naye anabisha hodi," nikamwambia. "Taa ikiwaka anabisha mara tatu, na Kwa Mparange nzima anasikiliza sauti yangu peke yangu. Nikimwitikia, hata kwa 'pita' au 'haya njoo', malango ya mfereji mkuu yanafunguka na mvua ya nusu ya jiji inashukia humu bondeni. Nikinyamaza mpaka ya tatu, anakwenda kubisha bonde jingine."

"Taa si imezimwa?"

"Imezimwa," Shomvi akajibu. "Lakini huyu ana mdomo mwepesi, tunamzoeza."

Mama wa dagaa akanitazama kwa huruma. "Kwani huwezi kumwambia hapana?"

Nikacheka. Hilo swali lilikuwa na miaka. Jiji lilipojenga malango, mwanzo lilimwaga maji bila kuuliza. Mabonde mawili yalizama watu wakiwa mezani, na waliobaki wakachoma mitambo. Wakaitwa wazee na wahandisi wakae pamoja, wakakubaliana kwamba maji hayataingia kwa mtu bila ruhusa. Ilipofika namna ya kukataa, wazee wakagoma. Wakasema haijapata kuonekana mtu akafukuzwa mlangoni kwa mdomo. Ukiwa hutaki mgeni, unanyamaza, akibisha mara tatu naye anaelewa, anakwenda zake. Wahandisi wakaona hilo ni jepesi, wakaliingiza kwenye mtambo hivyo hivyo. Hakuna aliyefikiri kwamba mji mzima utajifunza kunyamaza.

Tukanunua dagaa. Mama wa watu akaondoka bila kuaga.

*

Inginia Mbonea alikuja kesho yake, viatu vimejaa tope. Alikuwa kijana wa Kipare mwenye sauti ya chini, na mimi nilikuwa namjua tangu alipokuja kunirekodi sauti. Alipofika mlangoni akasimama, akakumbuka, akaingia kimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kumwangalia mwenzako hapo juu?"

"Nimetumwa kukagua taa." Akapanda kwenye stuli, akaigusa, akashuka. Kisha akatoka uani, akainama, akarudi na bonge la udongo. "Una maji?"

Nikachota kopo.

Udongo ule ndio tuliokuwa tunajivunia. Miaka mingi nyuma jiji liling'oa lami na saruji, likatandaza tabaka jipya kila mahali, barabarani, uani, viwanja vya mpira. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za kuvu hai, nyembamba kuliko nywele, zinazofyonza maji, kuyachuja na kuyateremsha kwenye mabirika chini ya mji. Watu waliuita udongo mlevi. Mvua ikinyesha, dakika chache barabara kavu. Kiangazi tulikunywa mvua ya masika, bombani, safi. Mvua ikizidi kiwango cha tabaka, ndipo Mgeni anabisha, na bonde lenye zamu linapokea kilichobaki. Siku mbili maji yanatuama, udongo unayanywa, watu wanarudi kusugua tope. Walipokuwa nje walilazwa na bonde jirani, wakala na kulala bure, na hapakuwa na fahari kama kuitwa mtaa uliopokea mvua. Harusi zilipangwa kwa kufuata zamu hizo.

Mbonea aliumiminia ule udongo maji ya kopo. Maji yakakaa juu, yakatetemeka, yakatiririka kwenye sakafu yangu mpaka chini ya kabati. Bonge lenyewe likabaki na rangi ile ile.

"Umeshiba," akasema. "Chumvi imeingia kwenye nyuzi, zimefunga. Jiji zima liko hivi sasa. Mama, haya sikutumwa kukueleza."

"Hujatumwa lakini umeshaanza."

"Bonde litakalopokea mvua inayokuja halitakauka. Maji yataingia, hayatapata pa kwenda. Hapatakuwa na kurudi kusugua tope."

Nikamwuliza, na kama mabonde yote tukinyamaza? Akasema mabirika yatapasuka, na juu ya mabirika ni soko kuu na mji mkongwe, watu wamejazana huko hata nafasi ya kukimbia hawana.

"Na zamu ni ya nani?" niliuliza, kana kwamba sijui.

"Ni yenu. Ilikuwa yenu masika yaliyopita, mkanyamaza. Ikawa yenu vuli, mkanyamaza. Mara zote Mzambarauni wakaitika badala yenu."

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Mzambarauni ni bonde la pili, ng'ambo ya kilima, na mwitikiaji wao ni Bi Sikitu, somo yangu, aliyenifunda na kunicheza unyagoni nilipovunja ungo. Mara ya mwisho sisi kupokea mvua, alinipa kitanda chake akalala chini. Nasi tulipomnyamazia Mgeni mara mbili, maji yakaenda kwao, wakaja kulala kwetu, wakatushukuru.

"Kuna jambo jingine," Mbonea akaendelea. "Mtambo unajifunza. Ukinyimwa jibu saa hii, unajaribu saa nyingine. Umegundua mtaa fulani wanaitika upesi wakiwa wameshiba, mtaa mwingine wakitoka msikitini. Sisi hatukuufundisha hayo. Ulipewa kazi ya kupata ruhusa, basi unaitafuta."

"Unajuaje kama watu wameshiba?"

"Tabaka linahisi nyayo. Linajua nani anatembea, wangapi wamekusanyika, wanakwenda wapi."

"Kumbe mgeni mwenyewe mpelelezi. Na wewe, baba, unakaa wapi?"

"Mlimani."

"Huko anabisha?"

Mbonea akatazama viatu vyake. "Mlimani hakuna bonde, mama."

"Basi niambie niitike au nisiitike."

"Siwezi kukwambia."

"Umekuja kunitwisha gunia halafu unashindwa hata kulisogeza begani. Nenda zako, baba. Nenda salama, lakini nenda."

Nilikuwa na hasira naye, na kosa halikuwa lake. Nilimhitaji mtu wa kumkasirikia, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

*

Jioni nikampigia somo simu. Nyuma yake redio ilikuwa inatangaza mpira. Bi Sikitu alikuwa mtu wa mpira sana, timu yake ikifungwa hali chakula.

"Mwari wangu," akasema kabla sijamwamkia. "Umenisahau kama umeolewa leo."

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Mnakuja lini? Nimefua mashuka. Nimemwambia Fundi Mwinyi apige turubai uani, maana ninyi mkija mnakuja na kuku na masufuria kama mnahama."

Niliahidi mwenyewe, mwisho wa vuli, mbele ya watu wake na watu wangu, kwamba masika zamu tutaishika. Yule mwanamke aliniamini, akafua mashuka.

"Somo," nikamwambia, "safari hii Mgeni akija kwako, usimwitike."

"Aje kwangu kufanya nini? Si anaanza kwenu?"

"Anaanza kwetu. Nasema akija."

Redio ikazimwa. Nikamsikia anavuta kiti.

"Semeni, mnataka kunyamaza tena?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, ndiyo. Sikiliza. Mimi mtu akibisha mlangoni kwangu mara tatu siwezi kujificha nyuma ya pazia kama mwenye deni. Sijui kufanya hivyo, na kwa umri huu sitajifunza. Waliponiweka pale waliniweka kwa sababu hiyo. Kama kuna neno, lifanyie kazi kwako, usinikabidhi mimi."

"Somo, udongo umeshiba. Maji yakiingia hayatoki."

Kiti kikalia, alikuwa ameinuka.

"Nani kasema?"

"Inginia."

"Basi ndiyo maana zaidi mnatakiwa kuja mapema," akasema. "Njooni kesho. Turubai litatosha."

Hakuwa mjinga, alinielewa vizuri. Alikuwa anaufungua mlango wake niingie, kabla sijafanya nililotaka kufanya. Nikamwambia tutaangalia, nikakata simu, nikalia huku nikipepeta mchele.

*

Mvua ilianza kabla ya alfajiri na ilipopambazuka haikuwa mvua ya kawaida. Maji yalikaa juu ya uwanja wa mpira, yanang'aa, hayaendi popote. Watu wazima waliozaliwa baada ya tabaka hawakuwahi kuona dimbwi kabla malango hayajafunguliwa. Walitoka nje wakalitazama.

Watu wakajaa nyumbani kwangu. Hakuna aliyeongea kwa sauti. Shomvi akakaa karibu nami, goti kwa goti.

"Dada, najua unachofikiri," akaninong'oneza. "Ahadi ni ahadi. Lakini baba amezikwa hapa. Mimi wanangu wanakaa pale ng'ambo ya mfereji. Ukiitika, leo hii hatuna kwetu, na hatutakuwa nako tena. Tutaishi kwa nani maisha yetu yote? Kwa Bi Sikitu, chini ya turubai?"

"Na yeye akiitika?"

"Atakuwa ameitika mwenyewe. Hakuna aliyemshika ulimi."

"Shomvi, unajua hawezi kunyamaza."

"Najua," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Ndiyo maana hatutakufa sisi."

Alisema ukweli, na mimi niliutumia. Tulikuwa tunakwenda kuwazamisha watu kwa sababu wana adabu kuliko sisi.

Taa ikawaka njano.

"Hodi," Mgeni akasema. Walimpa sauti nzuri, ya mwanamume wa makamo, mpole, kama mtu anayeleta posa. "Hodi, Kwa Mparange. Mvua imekuja, inaomba nafasi."

Mtoto mchanga akalia, mama yake akamtia titi mdomoni. Niliuma upindo wa kanga.

"Hodi tena, wenyewe. Zamu ni yenu. Tunaomba nafasi."

Nikafikiria mashuka yaliyofuliwa. Nikafikiria kaburi la baba. Nilikuwa na nafasi ya kusema, pumzi ilikuwepo, Shomvi hakunigusa safari hii. Nataka ieleweke hivyo. Hakuna aliyeniziba mdomo.

"Hodi ya tatu, Kwa Mparange."

Taa ikakaa njano kwa muda, halafu ikazimika.

Watu wakashusha pumzi, na baadhi wakashikana mikono, halafu wakaachiana kwa haya. Mimi nikachukua simu, nikampigia somo. Iliita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Hapo tukasikia, ng'ambo ya kilima, malango yakikwaruza, na baada yake ngurumo isiyokatika. Alikuwa ameitika. Wakati ule Mzambarauni walikuwa wanatandika mikeka ya kutupokea sisi.

*

Hakuna aliyerudi kwake. Walikaa tu, wengine sakafuni, wengine barazani, mvua inanyesha. Kwenye saa nne Mbonea akapiga simu.

"Mama, mabirika yamejaa tena. Mzambarauni imefika ukingoni, haiwezi kuongezewa."

"Watu?"

"Waliowahi wako kileleni. Waliowahi si wengi." Sauti yake ilikuwa inakatika. "Mama, zamu yenu iko pale pale. Mtambo ulitakiwa kuwabishia tangu saa mbili. Haujabisha."

"Kwa nini?"

"Sijui. Namba zote zinasema ubishe, nao umetulia. Sijui unasubiri nini. Toa watu bondeni. Uitike au usiitike, watoe kwanza."

Nikasimama nikawatangazia. Shomvi naye, na nampa haki yake, alianza kuwahimiza watu wachukue watoto na wazee. Lakini kutoka bonde letu kuna njia moja. Jiji lilipotugeuza birika la kupokea mvua, lilijenga kingo pande zote na kutuachia ngazi ya mawe upande wa kilima, karibu na nyumba yangu, pana kiasi cha watu wawili kupishana. Zamani ilitosha, kwa sababu kati ya kuitika na maji kuingia tulipewa siku nzima. Mbonea alikuwa ameshanieleza kwamba siku nzima hiyo haipo tena, mfereji umejaa mpaka mdomoni.

Kabla hata wa kwanza hajatoka, mtu akaingia mbio.

"Wanakuja," akasema. "Watu wa Mzambarauni. Wako juu ya ngazi, wanashuka."

Tulitoka barazani tukatazama. Juu kabisa, kwenye ukungu wa mvua, walikuwa wamesimama, wanawake wameshika watoto, wanaume wamebebana, mamia yao. Hawakuwa wanashuka wote. Walisubiri. Mmoja tu ndiye aliyetangulia, anateremka taratibu, mkono ukutani, kanga imemgandia mwilini, mguu mmoja una kandambili na mwingine mtupu. Nilimjua kwa mwendo wake.

"Wapelekewe chakula huko huko juu," Shomvi akasema. "Dada, ingia ndani. Usionane naye."

Nikaingia, lakini si kwa kumtii. Niliogopa macho ya somo. Nikakaa kwenye mkeka wangu wa kusukia, katikati ya watu, mgongo umenyooka kama mwari siku ya kutolewa nje.

Tukasikia kandambili moja barazani. Ikasimama.

Somo alikuwa mtu wa adabu zake. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kuingia moja kwa moja, au angalau kuchungulia. Hakuchungulia. Alisimama kando ya mlango, ubavu kwa ukuta, macho yake nje, kama alivyonifundisha mimi, kwamba usikodolee ndani ya nyumba ya mtu mpaka uambiwe. Nilikuwa naona ncha tu ya kanga yake inayochuruzika maji.

"Hodi," akasema.

Na taa ya juu ya mlango ikawaka njano.

"Hodi, Kwa Mparange," Mgeni akasema. "Mvua imekuja, inaomba nafasi."

Sikuhitaji Mbonea anieleze. Mtambo ulikuwa umehisi nyayo zao tangu walipoanza kupanda kilima. Ulikuwa umesubiri. Ulijifunza kwamba mimi namnyamazia Mgeni, na sasa ulikuwa unataka kujua kama nitamnyamazia mtu.

Niliinua mkono, nikapunga, njoo, ingia. Hakuniona, macho yake yalikuwa nje. Wote mle ndani wakaanza kupunga, vichaa watupu, watu ishirini wanapungia mlango mtupu. Nilitaka kuinuka, nikaona Shomvi amenishika mguu kwa mikono miwili, na machozi yanamtoka.

"Hodi tena," somo akasema. Sauti ilikuwa imechoka. "Mwari wangu, ni mimi. Nina watu huku nyuma. Kuna watoto."

"Hodi tena, wenyewe," Mgeni akasema.

Shomvi angeweza kwenda yeye akamvuta mkono, au jirani yeyote. Watu wameniuliza hilo baadaye, nami sina jibu isipokuwa kwamba hakuna aliyekumbuka. Hodi tumezaliwa tunaijibu kwa mdomo. Tulikaa pale tumekodoa macho, kila mmoja anangoja mdomo wangu.

Nikawa najiambia hesabu ni ile ile. Nikinyamaza, tutabaki na bonde, na mji mkongwe utapasuka, na huyu mwanamke atageuka aondoke na watoto wake kwenye mvua, wala hatalalamika, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya asipojibiwa mara tatu. Nikiitika, basi. Niliyajua yote. Mtu asije akasema niliteleza.

"Hodi ya tatu," somo akasema, polepole kabisa, akiniachia nafasi.

"Karibu, somo," nikasema. "Karibu ndani. Karibuni nyote."

Taa ikageuka kijani.

Shomvi aliniachia mguu. Hakunitukana. Alisimama, akaruka watu, akatoka kwa mlango wa uani akiita majina ya wanawe, na nyumba nzima ikamfuata, wanasukumana, wanakanyaga vyombo vyangu vya kusukia. Malango yakaanza kukwaruza juu ya bonde.

Bi Sikitu akaingia. Alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, mtupu, umechubuka. Akanitazama, akatazama ile taa, akasikia malango. Uso ukambadilika.

"Ungenyamaza," akasema. "Semeni, mwanangu, kwa nini hukunyamaza?"

"Nilinyamaza asubuhi."

Akakaa chini pale pale, maji yanamtoka. Halafu akakumbuka watu wake, akajaribu kuinuka, akaita nje kwa nguvu zake zote, "Msishuke! Rudini!" Lakini sauti yake haikuwa na nguvu tena, na kule nje watu wake walikuwa wamemfuata kidogo kidogo, na wa chini kabisa kwenye ngazi alikuwa ameshanisikia. Nilisema kwa sauti kubwa, ya mwenye nyumba. Akamgeukia wa nyuma yake akamwambia tumekaribishwa, naye akamwambia wa nyuma yake, na neno likapanda ngazi yote mpaka kileleni kabla sisi hatujafika barazani.

Wakaanza kushuka. Walishuka kwa haraka, na shukrani, watoto mabegani, wakiharakisha ili wa nyuma nao wapate nafasi. Watu wetu walikuwa wanapanda. Njia ni moja. Walikutana katikati, wakabanana ukutani, na watu wa Mzambarauni, wasiojua bado, walikuwa wakiwashika watu wetu mikono na kuwaambia asanteni.